Alexander Graham Bell: Mvumbuzi wa simu aliyeisaka risasi mwilini mwa rais

ASUBUHI ya Julai 2, 1881, Rais wa 20 wa Marekani, James Garfield, aliingia katika kituo cha reli cha Baltimore and Potomac jijini Washington akiwa mwenye bashasha. Alikuwa ameitawala nchi kwa miezi minne tu, na siku hiyo alikuwa anaanza likizo.

Hakufika alikokuwa akienda. Charles Guiteau, mtu aliyekuwa amenyimwa kazi serikalini na ambaye akili zake zilitiliwa shaka, alimjia kwa nyuma na kumfyatulia risasi mbili. Moja ilimparuza mkononi. Ya pili ilimwingia mgongoni na kupotelea mwilini.

Jioni ya siku hiyo, swali lililokuwa vinywani mwa Wamarekani lilikuwa moja: risasi hiyo imejificha wapi?

Leo swali kama hilo lingejibiwa kwa dakika chache. Mwaka 1881 halikuwa na jibu. Mashine ya eksirei haikuwapo, na ingechukua miaka 14 zaidi kabla ya Wilhelm Röntgen wa Ujerumani kuigundua miale hiyo. Kilichokuwapo ni vidole vya madaktari na vijiti vya chuma, navyo viliingizwa jerahani mara kwa mara bila kusafishwa.

Ndipo alipojitokeza kijana wa miaka 34 ambaye tayari dunia ilimjua kwa jambo jingine. Jina lake lilikuwa Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu.

Wengi humkumbuka Bell kwa simu na basi. Ni wachache wanaojua kwamba kwa majuma kadhaa ya mwaka huo mtu huyu aliacha shughuli zake zote ili kutafuta njia ya kukiona kilicho ndani ya mwili wa binadamu bila kuupasua. Ni wachache zaidi wanaojua kuwa kanuni aliyoitumia ndiyo inayowawezesha madaktari wa leo kufuatilia mirija na vifaa wanavyovipitisha ndani ya miili ya wagonjwa.

Mwana wa mama asiyesikia

Bell alizaliwa Machi 3, 1847, jijini Edinburgh, Scotland. Babu yake alikuwa mwalimu wa matamshi, na baba yake, Alexander Melville Bell, alifuata nyayo hizo kwa kubuni mfumo wa alama za kuonyesha jinsi ulimi, midomo na koo zinavyoumba kila sauti.

Mamake, Eliza, alikuwa na tatizo kubwa la kusikia. Wakati watu wengine walipomsemesha kupitia chombo cha kukuza sauti kilichotiwa sikioni, mwanawe huyu alipendelea kusogeza midomo karibu na kipaji chake cha uso na kusema kwa sauti nzito ya chini, ili mama auhisi mtetemo wa maneno. Tangu udogoni, basi, Bell alijua kwamba sauti ni kitu kinachoweza kufuatwa hata pale sikio linaposhindwa.

Nyota njema huonekana asubuhi. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alibuni kifaa cha kuondoa maganda ya ngano kwa ajili ya kinu cha jirani yao.

Lakini nyumba hiyo haikukosa misiba. Nduguye mdogo, Edward, aliaga dunia mwaka 1867 kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1870 kaka yake mkubwa, Melville, aliuawa na maradhi yayo hayo. Wavyele wake, wakihofia kumpoteza mtoto wa mwisho aliyesalia, waliuza walivyokuwa navyo na kuvuka bahari pamoja naye hadi Brantford, katika mkoa wa Ontario nchini Canada.

Hali ya hewa ya huko ilimfaa. Mwaka uliofuata alihamia Boston, Marekani, kuwafundisha viziwi kusema, na mwaka 1873 akawa profesa wa taaluma ya sauti katika Chuo Kikuu cha Boston.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Mabel Hubbard, msichana aliyepoteza uwezo wa kusikia akiwa na umri wa miaka mitano baada ya kuugua homa kali ya vipele. Walimu na wazazi wengi huona aibu mapenzi yanapochipuka darasani, na baba ya Mabel, wakili tajiri Gardiner Greene Hubbard, hakuyapokea mara moja. Hata hivyo, wawili hao walifunga ndoa Julai 11, 1877. Ndoa hiyo ilidumu miaka 45.

Simu na mabishano yake

Hubbard alikuwa miongoni mwa waliogharimia majaribio ya Bell ya kupitisha ujumbe mwingi wa telegrafu katika waya mmoja. Bell, hata hivyo, alikuwa na ndoto kubwa zaidi. Alitaka waya ubebe sauti yenyewe ya mwanadamu.

Februari 14, 1876, ombi lake la hataza liliwasilishwa jijini Washington. Siku iyo hiyo, mvumbuzi mwingine, Elisha Gray, aliwasilisha taarifa ya kifaa kinachokaribiana nacho. Machi 7, Bell alipewa hataza nambari 174,465. Siku tatu baadaye, fundi wake Thomas Watson, aliyekuwa katika chumba kingine, alimsikia Bell akimwita kupitia waya, akaja mbio.

Mwezi Juni mwaka huo, katika maonyesho ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani jijini Philadelphia, Mfalme Pedro wa Pili wa Brazil aliweka kifaa hicho sikioni na kushangaa. Habari zikaenea kote.

Umaarufu huo ulikuja na kesi. Zilifunguliwa mamia, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa upande wa Bell mwaka 1888. Mabishano hayakuishia hapo. Mwaka 2002 Bunge la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kumtambua Mwitaliano Antonio Meucci kwa kazi aliyoifanya kuhusu simu kabla ya Bell.

Mwaka 1880 Serikali ya Ufaransa ilimtuza Bell Tuzo ya Volta, iliyoandamana na faranga 50,000. Badala ya kuzitia mfukoni, alizitumia kuanzisha maabara jijini Washington. Mwaka uo huo, pamoja na msaidizi wake Charles Sumner Tainter, alibuni chombo cha kusafirisha sauti kwa mwanga wa jua.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimshughulisha Bell wakati Garfield alipopigwa risasi.

Risasi isiyovutwa na sumaku

Ingekuwa ni kipande cha chuma, kazi ingekuwa nyepesi kidogo. Sumaku ilikuwa imetumiwa tangu zamani kuvuta vipande vya chuma kutoka machoni mwa watu. Lakini risasi iliyompata Garfield ilikuwa imetengenezwa kwa madini ya risasi, na katika lugha yetu jina la madini na jina la kitu kile ni moja. Madini hayo hayavutwi na sumaku. Ukiipitisha sumaku juu yake siku nzima, hakuna kitakachojongea.

Bell alijua njia ya kuizunguka shida hiyo. Nusu karne kabla, mwaka 1831, Mwingereza Michael Faraday alikuwa amegundua kwamba uga wa sumaku unaobadilikabadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu. Mwaka 1879 mvumbuzi David Hughes jijini London aliitumia kanuni hiyo kuunda kifaa kilichoitwa mizani, ingawa hakikupima uzito wa kitu.

Hebu tukieleze kwa lugha nyepesi. Chukua koili mbili za waya. Katika ya kwanza pitisha umeme unaokatwakatwa mara nyingi kwa sekunde. Uga wa sumaku wa koili hiyo utapanda na kushuka, na utaamsha umeme katika koili ya pili. Ukiunganisha koili ya pili na kipokezi cha simu, utasikia mvumo.

Sasa zipange koili hizo kwa namna ambayo athari zake zinafutana kabisa. Mvumo unatoweka. Kipokezi kinanyamaza kimya.

Kisogeze karibu na kipande chochote cha madini, hata kile kisichovutwa na sumaku. Uga unaobadilika utazusha mikondo midogo ya umeme ndani ya kipande hicho, mikondo hiyo itazaa uga wake yenyewe, na ile mizani itavurugika. Kipokezi kitaanza tena kuvuma. Mvumo ukiwa mkubwa zaidi, ujue umekaribia.

Uzuri wa njia hii ni kwamba nyama na damu haziuzuii uga wa sumaku. Kwa macho mwili ni ukuta. Kwa uga huo, ni kana kwamba haupo.

Bell alijitolea kuwahudumia madaktari wa Rais bila kuombwa, akaacha kila kitu na kuja Washington. Kwa majuma kadhaa yeye na Tainter walifanya kazi usiku na mchana. Walificha risasi ndani ya gunia la pumba na katika mnofu wa nyama, kisha wakazisaka. Waliwapima pia askari wazee waliokuwa wakitembea na risasi mwilini tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyomalizika mwaka 1865. Kifaa kiliwaitikia.

Siku mbili katika Ikulu

Julai 26, 1881, Bell aliingia katika chumba cha mgonjwa kwa mara ya kwanza. Alimkuta Rais amedhoofika, rangi imemtoka, hana mfano wa yule mwanamume mwenye siha aliyeonekana katika picha.

Daktari mkuu alikuwa Willard Bliss, ambaye kwa kinaya jina lake la kwanza alilopewa na wazazi lilikuwa Doctor. Tangu siku ya kwanza Bliss alikuwa amejitwalia usimamizi wa mgonjwa na kuwaweka kando madaktari wengi waliotaka kutoa maoni. Yeye alishikilia kwamba risasi ilikuwa upande wa kulia, karibu na ini.

Siku hiyo kifaa kilimwaibisha mwenyewe. Kipokezi kilitoa kelele za kukwaruza ambazo Bell hakuzielewa, na uwezo wa kusikia vitu vya mbali ukapungua. Baadaye, akiwa maabarani, aligundua sababu: sehemu moja iliyoongezwa dakika za mwisho ili kukiimarisha kifaa ilikuwa imeunganishwa isivyofaa.

Haraka haraka haina baraka. Alirekebisha kosa, akapima tena na tena, na Agosti 1 akarudi Ikulu.

Safari hii kifaa kilifanya kazi sawasawa. Kilipopitishwa upande wa kulia wa mgonjwa, Bell alisikia mvumo hafifu. Ajabu ni kwamba mvumo huo haukutoka mahali pamoja kama ambavyo ungetarajiwa kwa kitu kidogo kama risasi, bali ulienea katika eneo pana.

Bliss aliupokea mvumo huo kama ushahidi kwamba alikuwa amesema kweli. Umma ukaarifiwa kuwa mahali pa risasi pamethibitishwa. Bell mwenyewe hakuridhika. Alirudi Ikulu kuuliza kama kulikuwa na kitu chochote cha madini karibu na mgonjwa.

Hapo ndipo ilipokumbukwa kuwa chini ya godoro la singa za farasi alilolalia Rais kulikuwa na godoro jingine, na hilo la pili lilikuwa limeundwa kwa nyaya za chuma.

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika chumba kilichojaa madaktari na wasomi, hakuna aliyeinama kabla ya kipimo kutazama kilichokuwa chini ya mgonjwa.

Wasimulizi wengi wa kisa hiki hulitwika godoro hilo lawama zote. Bell mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi. Alitafuta godoro la aina iyo hiyo, akalifanyia majaribio, na hakukubali kwamba ndilo peke yake lililoharibu kazi yake. Lililo wazi ni jambo jingine: kifaa kilikuwa kikitafuta upande ambao Bliss aliuruhusu. Upande wa kushoto haukusakwa.

Mauti yanayoweza kuepukika

Garfield aliendelea kudidimia. Homa ilipanda na kushuka. Usaha ulijaa mwilini. Joto la Washington lilikuwa kali hata wahandisi wakaunda mtambo wa kupuliza hewa juu ya barafu ili kukipoza chumba chake. Septemba 6 alisafirishwa kwa treni hadi Elberon, kwenye ufuo wa bahari katika jimbo la New Jersey, ili apate upepo mwanana.

Huko ndiko alikokata roho usiku wa Septemba 19, 1881, siku 79 baada ya kupigwa risasi.

Maiti ilipofanyiwa upasuaji, ukweli ulijitokeza. Risasi ilikuwa upande wa kushoto wa uti wa mgongo, nyuma ya kongosho, imezungukwa na utando ambao mwili wenyewe ulikuwa umeijengea. Haikuwa imegusa uti wa neva. Kilichoonekana upande wa kulia, kile ambacho madaktari walidhani ni njia ya risasi, kilikuwa shimo la usaha lililochimbwa kwa sehemu kubwa na vidole na vijiti vyao.

Daktari Joseph Lister wa Uingereza alikuwa ameeleza tangu mwaka 1867 jinsi ya kuua viini katika vidonda, lakini madaktari wengi wa Marekani walikuwa bado wakimcheka. Wataalamu wengi wa leo wanaamini kuwa lau jeraha lingeachwa bila kuchokolewa, huenda Garfield angeishi.

Guiteau alinyongwa Juni 30, 1882.

Msiba juu ya msiba

Wakati taifa likimwombea Rais, nyumba ya Bell ilipata pigo lake. Mabel, aliyekuwa mjamzito na mbali na mumewe katika kiangazi hicho, alijifungua mtoto wa kiume Agosti 15, 1881, kabla ya wakati. Walimwita Edward, jina la yule ndugu aliyeuawa na kifua kikuu. Mtoto alishindwa kupumua vizuri na akafa siku iyo hiyo.

Bell hakukaa kitako kuomboleza tu. Alibuni koti la chuma la kumzunguka mgonjwa kifuani, ambalo lilipunguza na kuongeza shinikizo la hewa ili kuyasaidia mapafu kupumua. Miongo kadhaa baadaye, mashine zilizofuata wazo kama hilo ziliokoa maisha ya wagonjwa wengi wa polio.

Hakuitupa pia ile mizani yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1882 aliwasilisha mbele ya wanasayansi ripoti ndefu kuhusu majaribio hayo, akieleza yaliyofaulu na yaliyokwenda kombo bila kujificha. Aliunda pia sindano iliyounganishwa na kipokezi cha simu: ncha yake ilipogusa risasi mwilini, daktari alisikia mlio sikioni. Chombo hicho kilitumiwa na madaktari wa upasuaji hadi eksirei ilipoenea.

Mwaka 1886 Chuo Kikuu cha Heidelberg nchini Ujerumani kilimpa shahada ya heshima ya udaktari wa tiba. Kwa mtu ambaye hakuwahi kuketi katika darasa la udaktari hadi akahitimu, heshima hiyo haikuwa haba.

Mazuri na mabaya yake

Miaka iliyofuata ilimwona akigusa karibu kila tawi la sayansi. Alikuwa rais wa pili wa Chama cha National Geographic kuanzia mwaka 1898. Kundi la vijana alilolianzisha mwaka 1907 lilirusha ndege iitwayo Silver Dart huko Baddeck, Nova Scotia, Februari 23, 1909. Mwaka 1919 chombo chake cha kupaa juu ya maji kiliweka rekodi ya dunia kwa mwendo wa takriban kilomita 114 kwa saa.

Alimsaidia pia Helen Keller, msichana asiyeona wala kusikia, kwa kuwaelekeza wazazi wake walikoweza kumpata mwalimu. Keller alibaki rafiki yake maisha yote.

Hata hivyo, mgala muue na haki mpe, na haki hiyo ina pande mbili. Viziwi wengi hawalitaji jina la Bell kwa furaha. Alipinga matumizi ya lugha ya ishara shuleni, akitaka watoto wote wasiosikia wafundishwe kusoma midomo na kutamka. Mwaka 1883 aliwasilisha waraka uliotahadharisha dhidi ya ndoa kati ya viziwi, akihofia kwamba zingezaa kizazi cha watu wasiosikia. Mawazo hayo yalichangia kuwanyima watoto wengi lugha yao ya kwanza kwa miaka mingi.

Ni ajabu kwamba mwana na mume wa wanawake wasiosikia ndiye aliyeshikilia msimamo huo. Yamkini alidhani anawatendea wema. Aliyekanyagwa, lakini, hupimi maumivu yake kwa nia ya aliyemkanyaga.

Kutoka kwa Bell hadi vyumba vya upasuaji vya leo

Katika hospitali kubwa za leo, daktari anaweza kuingiza mrija mwembamba katika mshipa wa damu pajani na kuuongoza hadi ndani ya moyo, huku akiona kwenye skrini ncha yake ilipo. Kwenye ncha hiyo mmewekwa koili ndogo mno. Chini ya meza ya mgonjwa mna koili kubwa zinazotoa uga dhaifu wa sumaku unaobadilikabadilika. Koili ile ndogo huuhisi uga huo, na kompyuta hupiga hesabu na kujua mahali ncha ilipo na inakoelekea.

Mwaka 1997 watafiti kutoka Israel walichapisha matokeo ya mfumo wa namna hiyo wa kuchora ramani ya moyo. Tangu wakati huo, mbinu hii imesambaa. Inatumiwa kuongoza vifaa katika njia finyu za mapafu ili kufikia uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani. Inatumiwa pia kuhakikisha kwamba mrija wa chakula unaopitishwa puani umeteremka tumboni na haukupotoka kuingia mapafuni, kosa linaloweza kuua.

Faida yake kuu ni ile aliyoiona Bell: mwili hauuzuii uga wa sumaku. Zaidi ya hayo, mgonjwa na daktari hupunguziwa miale ya eksirei, ambayo ikizidi huwa na madhara.

Tofauti ipo. Bell alikuwa akisaka kitu kisichojua kwamba kinasakwa. Alilazimika kungoja kipande cha risasi kiuvuruge uga ndipo akisikie. Wahandisi wa leo hukiwekea chombo chenyewe kihisio, kikawa chajitaja kilipo. Lakini mzizi ni ule ule wa Faraday: uga unaobadilika, koili na umeme unaozaliwa humo.

Na adui pia ni yule yule. Mpaka leo, miongozo ya mifumo hii huwatahadharisha wauguzi na madaktari kuhusu vitu vya chuma vilivyo karibu na mgonjwa. Meza, kitanda au kifaa cha upasuaji kinaweza kuupinda uga wa sumaku na kuifanya skrini ionyeshe ncha ya mrija mahali isipokuwapo. Mrija ukiwa ndani ya moyo, kosa la milimita chache si jambo la mzaha. Ndiyo maana watengenezaji hubuni meza zisizovuruga uga, na wengine huandika programu za kutambua uvurugaji huo na kuusahihisha.

Somo lililomgharimu Bell usiku mwingi wa kukosa usingizi sasa limo katika mafunzo ya kila fundi wa vyombo hivyo: kabla ya kukiamini kifaa, angalia kwanza mgonjwa amelazwa juu ya nini.

Dakika moja ya ukimya

Bell aliaga dunia Agosti 2, 1922, nyumbani kwake Beinn Bhreagh, Nova Scotia, kutokana na matatizo ya kisukari. Alikuwa na umri wa miaka 75. Insulini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutumiwa kwa wagonjwa katika nchi iyo hiyo ya Canada.

Alipozikwa siku mbili baadaye, simu kote Amerika Kaskazini zilizimwa kwa dakika moja. Mabel, mwanamke ambaye hakuwahi kuisikia sauti katika simu ya mumewe, alimfuata Januari 1923.

Waandishi wa wasifu hupenda kukihesabu kisa cha Garfield miongoni mwa mambo yaliyomshinda Bell. Ni kweli risasi hakuipata. Lakini ni vyema kukumbuka nani alishindwa na nini. Kifaa kilisikia kilichokuwapo na kikasema. Walioshindwa ni waliokipokea kwa masikio yaliyokwisha kuamua jibu.

Hilo ndilo linaloyafanya maisha ya mtu huyu yawafae hata wasiojali historia ya Marekani. Vifaa vinavyoingizwa hospitalini kila uchao vinazidi kuwa vya ajabu, na hapana shaka vinaokoa maisha. Ila hakuna hata kimoja kitakachomsaidia mgonjwa iwapo mkubwa chumbani hakubali kuulizwa, na mdogo anaogopa kuinama na kutazama mvunguni.